Kura tulizihesabu, aliyeshinda hakutangazwa, na mimi ndiye mwalimu wa Civics

MwlMachungwa (mwanzisha mada)

Habari za jioni wadau. Niko Muheza, shule ya kata, nafundisha Civics Kidato cha Tatu na cha Nne, na Kiswahili nimebebeshwa kwa muda kwa sababu mwenzetu yuko likizo ya uzazi. Mwaka wa saba huu nashika chaki. Nina swali, ila itabidi nilizunguke kidogo ndipo nilifikie.

Mwezi uliopita tulifanya uchaguzi wa viranja. Karatasi za kura tulikata kwenye madaftari, ndoo ya kudekia tukaisugua ikawa sanduku, mwalimu wa zamu akasimamia. Waliogombea ukaka mkuu walikuwa watatu, wakajinadi mstarini. Mmoja aliahidi jambo moja tu: choo cha wavulana kiwekwe mlango. Hakuongeza neno, akarudi kwenye mstari. Ndiye aliyeshinda, tena kwa mbali sana. Kura tukazihesabia ofisini kwa walimu. Kesho yake asubuhi mstarini likasomwa jina la kijana aliyekuwa wa tatu. Sababu iliyotolewa kikaoni ni kwamba yule mshindi "ana mdomo", na kwamba nywele zake zimeshasemwa mara mbili. Nilikuwemo kwenye kikao hicho. Sikufungua mdomo. Nalisema mapema msije mkadhani mnaongea na shujaa.

Jumatatu kipindi cha tatu nikaingia 3B. Mada kwenye azimio la kazi: demokrasia, sifa za uchaguzi huru na wa haki. Nikaandika ubaoni kwa Kiingereza kama siku zote, wao wananakili. Kuna binti anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha lisilo na kioo, mkimya kabisa, tangu Kidato cha Kwanza sidhani kama nimesikia sauti yake mara kumi. Akanyoosha mkono. "Madam, zile kura mlizichomea wapi?"

Hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Darasa lina wanafunzi 74, na wote wakanyamaza, hata wale wa pembeni ambao huwa wanasinzia kwa kuwa usiku walikuwa wanapakia machungwa kwenye malori. Nikajibu, "Tutaliongelea mwisho wa kipindi." Mwisho wa kipindi nikatoka dakika mbili kabla ya kengele.

Na kura zenyewe hazikuchomwa. Niliambiwa nizitupe, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, ziko droo ya chini ya meza yangu mpaka sasa ninavyoandika.

Tatizo langu si uchaguzi huo peke yake. Nikiuliza kwa Kiingereza maana ya utawala wa sheria, nusu ya darasa wanaimba neno kwa neno kama kwaya. Wiki iliyopita nikageuza, nikauliza kwa Kiswahili. Kimya. Mwishowe mmoja akasema, "Ni pale askari akija, mnatii." Na huyo ndiye anayeongoza darasa. Mtihani wa taifa atafaulu, sina wasiwasi. Miaka miwili ijayo atakuwa na miaka 18, atapanga foleni ya kupiga kura, atahudhuria mkutano wa kijiji, atachangishwa hela za kisima. Je, nimempa nini cha kwenda nacho huko?

Kwa hiyo naomba mlioko darasani, au mliowahi kuwepo: mnafundishaje uraia ukae kwenye mwili wa mtoto, bila mwalimu kuhamishwa na bila mtoto kugombanishwa na ofisi? Tafadhali msiniambie "tumia mbinu shirikishi". Semina nimehudhuria, na posho nilikula.


FundiRejeta

Mimi Civics nilipata B mwaka 2016. Kazi za Bunge nilizijua zote, mihimili mitatu nilichora na mishale. Mwaka jana mtaani kwetu walipita watu wawili na daftari, elfu tano kila nyumba, taa za barabarani. Nikatoa. Jirani akatoa. Mpaka leo tunamulikana kwa tochi za simu. Nilipokwenda kuuliza nikaulizwa risiti iko wapi. Sina.

Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha sentensi hii: "Naomba risiti." Maneno mawili tu, tena Kiswahili. Fundisha hilo, mengine mnajua ninyi wasomi.


BabuChaki

Mwanangu Mwalimu, salamu kutoka Singida. Nimestaafu muda mrefu, wajukuu ndio walioniwekea hiki chombo cha kuandikia, mnivumilie nikikosea vitufe.

Nilianza kufundisha 1979. Wakati huo somo liliitwa Siasa. Mchakamchaka alfajiri, gwaride, kisha ubaoni Azimio la Arusha. Vijana wa siku hizi wanadhani tulikuwa tunaimba tu. Kuna kitu tulikifanya vizuri, nacho ni shamba la shule. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa 1967 ilitaka mtoto ajue jasho, na sisi tulikuwa na eka sita. Watoto walilima, walipalilia, walivuna, walibeba magunia vichwani mpaka stoo. Walijua idadi ya magunia kuliko mwalimu yeyote.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja tulivuna magunia 41. Baada ya mwezi kijana wa Kidato cha Tatu akanifuata baada ya kipindi, kwa adabu zote, mikono nyuma. "Mwalimu, stoo yamebaki ishirini na nane na sisi tumekula mawili tu. Kumi na moja yameenda wapi?" Yalikuwa yameondoka kwa ajili ya ugeni uliokuja, na ugeni wenyewe haukula hata nusu. Kijana alichapwa viboko vinne kwa utovu wa nidhamu. Aliyemchapa ni mimi. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha kwamba cheo ni dhamana. Somo langu lote la mwaka ule yule kijana alilisoma kwenye ile fimbo, na hakuuliza tena swali mpaka anamaliza.

Baada ya vyama vingi kurudi 1992, Siasa ikaondolewa, ikaja Civics. Vitabu vilibadilika. Ofisi ya walimu haikubadilika.

Nikupe kitu cha kufanya. Kwanza, usipigane na mkuu wako juu ya kijana huyu, umechelewa, na atakayeumia ni kijana. Pigania kanuni ya mwakani, iandikwe. Kama ofisi inataka haki ya kumkataa mtoto mwenye mdomo, basi imkatae kabla jina halijaingia kwenye karatasi ya kura, mbele ya wenzake, kwa sababu iliyotajwa. Kura ikishapigwa, ofisi inyamaze. Mkuu wa shule mwenye akili atalikubali hilo maana linamwachia madaraka yake. Linaondoa uongo tu.

Pili, wape Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali izunguke nchi iwaulize wananchi: chama kimoja au vingi? Takribani watu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikarudi ikashauri vyama vingi. Andika hizo sentensi mbili ubaoni, kwa Kiswahili, halafu uliza: Tume ilikosea? Mtoto wa kwanza atasimama aseme wengi wape. Muache amalize. Wa pili atauliza, na wale wawili waliobaki wahame nchi? Hapo wewe kaa chini kwenye kiti chako na usijibu. Kipindi kitaisha nawe hujagusa chaki tena.


MamaWatatu

Jamani mimi ni mzazi, si mwalimu, na nitasema ambalo wazazi wengi wanaliogopa. Shule si Bunge. Nimempeleka mwanangu asome, afaulu, apate kazi. Mkimjaza kuhoji hoji akaenda kumhoji mtu asiyehojiwa, wakili nitamtoa wapi? Ninyi mtakuwa mmeshahamishwa.

Halafu kila siku haki, haki, haki. Wajibu lini? Nimepanda basi Tanga kuja Segera, wanafunzi wenye sare wanatupa chupa za maji dirishani na mwalimu wao kakaa kiti cha mbele. Mtoto hawezi kumpisha mzee kiti lakini anajua mihimili ya dola. Uraia mwema wa kwetu ulikuwa kusalimia, kufagia njia mpaka kwa jirani, kwenda msibani ukabeba maji. Anzeni hapo. Huyo kaka mkuu awe nani, mwaka utapita.


Mtendaji_Kilosa

Mwalimu, mimi ni mtendaji wa kijiji, ninyi mnatuita VEO. Nakuambia kitu ambacho kiko nje ya geti la shule yako na ni bure: mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Kupiga kura na kuamua ni kwa wakazi wa miaka 18 kwenda juu, lakini hakuna anayemkataza mwanafunzi kukaa pembeni akasikiliza. Pale ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Bunge watoto wanaliona kwenye televisheni ya kibanda cha chipsi. Halmashauri ya kijiji, wajumbe wake hawazidi 25, ni shangazi zao na wajomba zao, na hawajui kama hao watu wana mamlaka juu ya ardhi ya baba yao.

Kwangu alikuja mwalimu mmoja na wanafunzi kumi na mbili, mwaka juzi. Aliandika barua kwanza, kwangu na kwa mwenyekiti, akaeleza wanakuja kujifunza. Nikawaweka chini ya mwembe, ubavuni mwa mkutano. Tukafika kwenye taarifa ya ujenzi wa nyumba ya mganga wa zahanati. Nikasoma: saruji mifuko 60 imepokelewa. Mtoto wa Kidato cha Pili aliyekuwa amekalia mzizi akamnong'oneza mwalimu wake. Lakini kunong'ona kwa mtoto mnakujua. Mkutano mzima ulisikia: "Mbona sisi tulishusha arobaini na nane?"

Kweli, walioshusha lile gari walikuwa wanafunzi, walipitishwa pale siku ya usafi. Nilihisi jasho linanishuka mgongoni na mimi sijaiba kitu. Nikaeleza kwamba mifuko kumi na miwili ilishushwa nyumbani kwa mwenyekiti kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na stoo ilijaa. Mzee mmoja akasema twende tukaione. Mkutano ukasimama, watu wakaenda, watoto nyuma yao. Wakaikuta kumi na mmoja. Huo wa kumi na mbili tulielezana mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo naandika namba ya mapokezi mbele ya mtu wa pili, na nalala usingizi. Kwa hiyo Mama Watatu asiwaogope watoto wanaohesabu. Mtendaji safi anawahitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Mambo ya kuzingatia: usiwapeleke karibu na uchaguzi, hata kwa nia njema utaonekana umetumwa. Waende na daftari, wasiende na simu. Wasiulize chochote mpaka ifike mengineyo, na swali lipitie kwako. Ukirudi darasani usiwape insha. Waambie kila mmoja aandike uamuzi mmoja uliopitishwa, nani alipinga, na alisema nini. Utashangaa, wengi watakumbuka aliyepinga.


MwalimuWaKilifi

Hujambo Mwalimu, salamu kutoka upande huu wa mpaka. Nafunza Historia na Serikali shule ya upili, Kaunti ya Kilifi. Nimesoma kisa chako nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana kwetu pia naibu wa mwalimu mkuu alikuwa na orodha yake mfukoni.

Kilichotusaidia ni kwamba sheria ilitangulia. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti kwenye bodi ya usimamizi wa shule. Ukishakuwa na mtoto anayekaa na bodi, ni vigumu kidogo kumpachika mtu ambaye wenzake hawakumchagua, kwa sababu ataulizwa jambo mbele ya wazazi na hatakuwa na la kusema. Sisemi ni kila shule. Nasema kwetu.

Jambo la pili ni basari, yaani pesa za ufadhili wa karo. Wanafunzi wangu wengi wanaishi kwa basari, na kila muhula maneno ni yaleyale, nani kapata, kwa nini mtoto wa fulani. Badala ya kuwaambia waache umbea, tukachukua Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, haki ya mwananchi kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inayosema ofisi ijibu ndani ya siku 21. Darasa likaandika barua. Nilikataa kuwasahihishia mpaka waandike wenyewe mara tatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Ya pili ilikuwa kuomba huruma, "sisi ni watoto maskini". Ya tatu ikawa barua: tunaomba vigezo vilivyotumika na idadi ya waliopewa katika wadi hii. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, wiki mbili nje ya muda. Walihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Lakini lilikuja, na vigezo vikabandikwa. Asilimia kubwa ya umbea ikaisha siku hiyo, maana waliona yatima alikuwa na alama zake na wao wana zao.

Na la tatu, kwa haraka. Hatua za mswada bungeni nimezifunza miaka tisa na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali. Juni 2024, baada ya maandamano ya kupinga ule Mswada wa Fedha, waliporudi darasani walitaka kujua kusomwa mara ya pili na kusomwa mara ya tatu kuna tofauti gani, na mwananchi anaingilia wapi. Kuna vijana waliokufa wiki ile, kwa hivyo siwezi kuliandika hili kwa furaha. Nasema tu kwamba lile swali lilikuwa kwenye silabasi miaka yote.


MwlMachungwa

Shikamoo Babu Chaki. Asanteni wote. Samahani nimepotea wiki sita, kulikuwa na mitihani ya nusu muhula, halafu msimu wa machungwa ulichanganya, siku nyingine naingia darasani nakuta nusu.

Nianze na Mama Watatu, maana maneno yako yalinichoma na nilitaka kuyajibu vibaya. Nikaenda kuitafuta Katiba, ile ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwanza, na sisi tunaifundisha kwa tafsiri. Wajibu umo, dada yangu, hukukosea. Ibara ya 26 inaanza na wajibu wa kutii Katiba na sheria. Ya 27 ni kulinda mali ya nchi na mali ya pamoja. Lakini endelea kusoma: watu wote wanatakiwa kuitunza mali hiyo na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Nikawasomea 3B, pamoja na kile kisa cha saruji cha Mtendaji. Yule wa "askari akija mnatii" akauliza, "Kwa hiyo aliyehesabu saruji alikuwa anatimiza wajibu?" Nikamwambia aiandike hivyohivyo. Na kuhusu chupa za dirishani, umenishinda, sina utetezi. Tulifanya usafi wa barabara ya kwenda Amani, kilomita moja, wakahesabu chupa 312. Tangu hapo mwenye kutupa anazomewa na wenzake.

Sasa ile bahasha. Niliipeleka darasani. Nikaiweka mezani, nikawaambia kura hazijachomwa, ziko humu, niliambiwa nizitupe sikuweza. Nikawaambia pia nilikuwepo kikaoni na sikusema kitu. Sikuifungua. Kijana mmoja wa mbele akauliza, "Madam ulikuwa unaogopa nini?" Nikasema barua ya uhamisho. Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Baada ya hapo ndipo kile kipindi cha Nyalali kilipofanyika, na Babu, ilikuwa kama ulivyosema, nilikaa kwenye kiti mpaka kengele ikalia na mwalimu wa Jiografia akasimama mlangoni dakika kumi.

Kanuni ya kumkataa mgombea kabla ya kura nimeipeleka kwa makamu. Akaisoma mara mbili, akasema "hii haina ubaya". Mkuu amesema ukaka mkuu na udada mkuu mwakani tutaona, lakini kwa majaribio kiranja wa chakula wa kila darasa achaguliwe kwa kura na asiguswe na ofisi. Nilikatishwa tamaa kidogo. Wanafunzi hawakukata tamaa hata kidogo. Ada iliondolewa tangu 2016 lakini chakula cha mchana wazazi wanachangia wenyewe, mahindi na maharage, na kiranja wa chakula ndiye anayesimama jikoni mpishi anapopima. Kwao huyo ni mkubwa kuliko kaka mkuu.

Uchaguzi wa 3B ukafanyika Alhamisi. Ndoo ileile. Waliokuwepo darasani 70, wanne wako kwenye machungwa. Wakahesabu wenyewe, kwa sauti, mmoja anasoma, mmoja anapiga mistari ubaoni, mmoja anashika karatasi juu kila mtu aone. Kura zikatoka 76.

Nikaangalia dari. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura tano.

Nilitaka kuingilia, nikakumbuka ya Babu. Wakabishana dakika ishirini. Wa kwanza anasema ameshinda, makosa si yake. Wa pili, ambaye ndiye aliyepunjwa, anasema tuache yaishe, tusionekane hatuwezi, ofisi itachukua tena. Huyo ndiye aliyenistua, maana ni mtoto wa miaka 16 na ameshaongea kama mtu mzima aliyechoka. Binti wa dawati la mwisho akasimama. Akasema kura sita zimezidi, wa kwanza amezidi kwa tano, kwa hiyo hatujui. Basi. Akakaa. Halafu akasimama tena: daftari la mahudhurio lipo, tuitwe jina moja moja.

Wakarudia Ijumaa. Wameitwa kwa majina, kila aliyepiga akapakwa wino wa maka peni kwenye kidole gumba. Waliokuwepo 71, mmoja alikuwa amerudi kutoka shambani. Kura 72.

Tukakagua vidole. Vyote vina wino, isipokuwa kijana mmoja kidole cheupe kabisa kinang'aa, na mkono wote unanukia chungwa. Mimi ni mzaliwa wa Muheza na sikulijua hilo: ganda la chungwa ukilikamua juu ya wino wa maka peni, unafutika wote. Safari hii tofauti ilikuwa kura kumi na nne, wakakubaliana kwamba moja haibadilishi kitu, matokeo yakabaki, na mwenye kidole cheupe atachota maji ya jikoni wiki mbili. Adhabu walipanga wao. Aliyeshinda ni yule aliyekuwa wa pili, aliyetaka yaishe.

Jumatatu ni zamu ya 3A kuchagua, na habari ya maganda imeshawafika. Mwenye kujua wino usiotoka kwa chungwa, wa bei ya shule ya kata, anijuze kabla ya hapo.


Mtendaji_Kilosa

Ulizia duka la dawa ile dawa ya zambarau ya vidonda, GV. Chupa ndogo inatosha darasa zima. Jaribu kidole kimoja kwanza, mpake huyohuyo wa kidole cheupe, mpe na chungwa.


FundiRejeta

Na udai risiti.